Kabla ya kuingia msituni, zitazame raba zako

Wiki hii tutazungumza kuhusu jambo ambalo huenda ukashangaa kulikuta katika ukurasa wa afya: viatu vya kukimbilia kwenye njia za msituni. Kabla hujafungua ukurasa mwingine, hebu nikusimulie kisa kimoja.

Mwaka wa 2022 alinijia mama mmoja, karani mwenye umri wa miaka 46. Presha yake ilikuwa imepanda, uzani ulikuwa umezidi, na kazi yake ilikuwa ya kuketi kutoka asubuhi hadi jioni. Nilimpa dawa, kisha nikamshauri aanze mazoezi: atembee kwa haraka majuma mawili, halafu aanze kukimbia polepole. Kwa kuwa anaishi karibu na Msitu wa Karura, nilimwambia akakimbie huko, mbali na moshi wa matatu.

Alinisikiliza kikamilifu. Majuma matano baadaye alirudi akichechemea, kifundo cha mguu wa kulia kimefura na kuwa cheusi. "Daktari, wewe ndiwe uliyenituma huko," aliniambia. Nilipomwomba anionyeshe viatu alivyokuwa amevaa siku hiyo, alitoa mfukoni raba nyeupe zilizokuwa za mwanawe, soli imekwisha na kuwa laini kama kigae. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Alipokuwa akiteremka mahali penye udongo mwekundu, mguu ulimponyoka ukapinda kwa ndani.

Mfupa haukuvunjika, lakini alikaa zaidi ya miezi miwili bila kukimbia, na mwezi wa tatu hakukimbia kwa sababu ya woga. Presha ilipanda tena, nikalazimika kumwongezea dawa. Kosa halikuwa lake. Nilikuwa nimeandika neno "mazoezi" kwenye kadi yake bila kumwuliza swali hata moja kuhusu viatu. Tangu siku hiyo, mgonjwa ninayemshauri akimbie humwomba kwanza aje na raba zake nizitazame. Somo la leo ni lile ambalo nilipaswa kumpa mama huyo.

MGUU UNAFANYA NINI MSITUNI

Kila mguu wako una mifupa 26, na mifupa hiyo imefungwa pamoja kwa kano nyingi. Unapokimbia kwenye lami, mguu hutua karibu kwa namna ile ile hatua baada ya hatua. Msituni hali ni tofauti. Hatua hii unakanyaga mzizi, inayofuata jiwe, na ya tatu majani makavu yaliyofunika shimo. Kifundo hulazimika kujirekebisha kila mara.

Hilo lina faida yake, kwa sababu misuli midogo ya mguu hupata kazi ambayo lami haiipi. Hata hivyo, lina hatari yake pia. Jeraha la kawaida zaidi ni kuteguka kifundo. Aghalabu wayo hupinda kwa ndani, na kano za upande wa nje wa kifundo huvutwa kupita kiasi au kukatika. Kano iliyowahi kuteguka ni rahisi kuteguka tena, hasa mtu asipoufanyisha mguu mazoezi baada ya kupona.

Kiatu hakiwezi kuzuia kila ajali, na anayekuambia kuwa kinaweza anataka kukuuzia tu. Kiatu kinachofaa hufanya mambo matatu: hushika ardhi usiteleze, huulinda wayo na vidole dhidi ya mawe na miiba, na huushika mguu imara bila kuubana. Jina lililoandikwa ubavuni na bei iliyobandikwa kwenye boksi hazikuhakikishii hata moja kati ya hayo.

TOFAUTI NA RABA ZA BARABARANI

Chukua raba ya kukimbilia barabarani uigeuze juu chini. Utaona soli iliyo karibu tambarare, yenye mistari isiyo na kina. Kisha igeuze ya msituni. Ina meno yaliyotokeza, yaliyoachana, mengine yakielekea mbele ili kukusaidia kupanda na mengine yakielekea nyuma ili kukuzuia unapoteremka. Mpira wake pia huwa laini kidogo ili unate kwenye mawe.

Mbele ya vidole, raba ya msituni huwa na ukuta mgumu wa mpira. Ukipiga teke kisiki, ni ukuta huo unaoumia badala ya ukucha wako. Baadhi huwa na bamba jembamba lililofichwa ndani ya soli ili jiwe lenye ncha lisiusumbue wayo. Kitambaa cha juu nacho huwa kigumu zaidi kuliko cha raba za barabarani, ili kisiraruliwe na miiba.

Kuna jambo moja ambalo wanunuzi wengi hawalifikirii: unene wa soli. Soli nene yenye sponji nyingi ni tamu kuvaa dukani. Lakini kadiri unavyosimama juu zaidi ya ardhi, ndivyo kifundo kinavyopata nguvu kubwa ya kupinda ukikanyaga vibaya. Ikiwa wewe ni mwanagenzi, au umewahi kuteguka, chagua soli ya wastani iliyo pana chini.

IJUE NJIA KABLA YA KUNUNUA

Swali la kwanza si "raba gani ni nzuri?" bali "nitakimbilia wapi?" Sisi wakazi wa Nairobi tuna bahati ya kuwa na njia za aina nyingi karibu nasi.

Karura ni msitu wa zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji. Njia zake nyingi ni za udongo mwekundu. Wakati wa kiangazi udongo huo ni mgumu na mzuri kukimbilia, na meno ya milimita tatu au nne yanatosha. Mvua ikinyesha, udongo uo huo huteleza kama sabuni, hasa kwenye miteremko. Hapo ndipo utahitaji meno ya milimita tano au zaidi.

Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wanaouita wengi "black cotton", unaopatikana sana upande wa Athi River na Syokimau, una tabia yake. Ukilowa hautelezi tu bali pia hunata. Baada ya mita mia moja unajikuta umebeba kilo ya matope kwa kila mguu. Kwa udongo huo tafuta meno yaliyoachana sana, ili matope yapate nafasi ya kudondoka. Meno yaliyosongamana hujaa matope mara moja, na soli iliyojaa matope haina tofauti na soli isiyo na meno.

Vilima vya Ngong, ambavyo kilele chake kinafikia mita 2,460, vina mawe na miteremko mikali. Huko, ukuta wa kulinda vidole na soli isiyopenyeka ni muhimu kuliko urefu wa meno. Na kwa wale wanaojiandaa kwa mbio kama zile za Lewa, ambazo zilianza mwaka wa 2000 na hukimbiwa kwenye barabara za vumbi ndani ya hifadhi, meno mafupi yanatosha kabisa.

Kumbuka pia namna unavyofika msituni. Ikiwa unakimbia kilomita mbili za lami kutoka nyumbani hadi langoni, usinunue raba zenye meno marefu sana. Lami huyala upesi kama msasa.

Je, ununue raba zisizopenya maji? Wengi hudhani ndizo bora kwa masika. Kwa hali yetu ya hewa, mimi huwashauri wagonjwa wangu waziache. Maji yakiingia kwa juu, kama ukivuka kijito au jasho likikithiri, hayana pa kutokea. Utakimbia ukiwa umeuloweka mguu, na ngozi iliyolowa huchubuka haraka. Kitambaa chenye matundu madogo hulowa upesi, lakini pia hukauka upesi.

IPIME MIGUU YAKO, USIITEGEMEE NAMBA

"Mimi huvaa namba nane," mtu huniambia. Namba nane ya kampuni moja si namba nane ya nyingine. Isitoshe, miguu hupanuka kadiri umri unavyosonga, na kwa akina mama huweza kupanuka baada ya ujauzito. Namba uliyovaa ukiwa na miaka 25 huenda si yako tena.

Nenda dukani jioni. Kutwa nzima miguu hufura kidogo, na inapokimbia hufura pia. Kiatu kinachokutosha sawasawa saa tatu asubuhi kitakubana ukifika kilomita ya tano. Beba soksi zile zile utakazokimbia nazo. Vaa viatu vyote viwili, kwa sababu watu wengi wana mguu mmoja uliozidi mwenzake, na ununue kwa kipimo cha mguu ulio mkubwa.

Ukiwa umesimama, kagua mambo haya manne:

1. Mbele ya kidole kirefu zaidi, ambacho kwa baadhi ya watu si kidole gumba, pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Unapoteremka, mguu husukumwa mbele. Pasipo na nafasi, kucha hugonga kiatu maelfu ya mara.

2. Vidole viweze kuchezacheza na kutanuka. Ikiwa kidole cha mwisho kimebanwa, usikubali kuambiwa kwamba "kitaachia kikizoea".

3. Kisigino kisipande na kushuka unapotembea.

4. Sehemu ya katikati ishikwe imara, kama mtu anavyokushika mkono kwa salamu ya heshima: bila kulegea na bila kukuumiza.

Kisha tembea. Ikiwa duka lina ngazi, panda na ushuke. Ikiwa kuna mahali panapokubana hata kidogo, rudisha.

Baadhi ya wauzaji watakuambia kwamba lazima raba ichaguliwe kulingana na uvungu wa wayo wako, kama uko juu au umelala. Tafiti zilizofanywa miongoni mwa makurutu wa jeshi la Marekani na kuchapishwa mwaka wa 2009 na 2010 ziliwalinganisha waliopewa raba kwa kufuata umbo la wayo na wale waliopewa aina moja tu. Majeraha hayakutofautiana kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo usibabaishwe na mitambo ya dukani. Ikiwa mguu hauna ugonjwa maalumu, kigezo kizuri ni kile ulichozaliwa nacho: je, kiatu kinakustarehesha unapokimbia?

NA MITUMBA JE?

Najua wengi wetu hununua viatu Gikomba au Toi, na sioni aibu yoyote katika hilo. Raba nzuri ya mtumba inaweza kuwa bora kuliko mpya ya bei rahisi ambayo gundi yake inaachia baada ya wiki mbili. Lakini nunua kwa macho na kwa mikono.

Weka viatu vyote viwili juu ya meza na uvitazame kwa nyuma. Kimoja kikiinama upande, mwenyewe wa kwanza alikipinda kwa mwendo wake, na wewe utapindwa nacho. Bonyeza sponji ya ubavuni kwa kidole gumba. Ikiwa ni ngumu kama mbao, au ina mikunjo mingi isiyorudi, imekufa. Sponji huzeeka hata kama kiatu hakikuvaliwa, kwa hiyo usidanganyike na soli inayong'aa. Shika mbele na kisigino ukisokote: kinachojikunja kama kitambaa hakitakushika kwenye mawe. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa soli uone kama gundi imeachia. Mwisho, ingiza mkono ndani ya kisigino uhakikishe kwamba kitambaa hakijachanika, maana hapo ndipo malengelenge huanzia.

Ukishanunua, toa soli ya ndani uitupe na uweke mpya. Osha viatu kwa sabuni na uvikaushe kabisa kabla ya kuvivaa. Kuvu wa miguu huweza kuishi ndani ya kiatu cha mtu mwingine na kukusubiri.

NAMNA YA KUVAA

Raba mpya usiende nayo msituni siku hiyo hiyo. Ivae nyumbani jioni mbili tatu, kisha ukimbie nayo kilomita mbili au tatu, halafu uongeze kidogo kidogo. Jambo hili ni muhimu zaidi ikiwa kisigino cha raba mpya kiko chini kuliko cha ile uliyoizoea. Kisigino kikishuka, kano kubwa ya nyuma ya mguu hufanya kazi zaidi, na ikishtukizwa huvimba na kuuma kwa miezi.

Soksi za pamba tupu ziache nyumbani. Pamba hunywa jasho na kulishikilia, na joto, unyevu na msuguano ndio wazazi wa lengelenge. Tafuta soksi za nyuzi za viwandani au za sufu nyepesi, zisizo na mshono mnene kwenye vidole. Kama kuna mahali huchubuka kila mara, pakaa mafuta ya mgando kidogo kabla ya kutoka. Kata kucha mara kwa mara, kwa mstari ulionyooka, bila kuchimba pembeni.

Kabla ya kutia mguu, kung'uta kiatu na uingize mkono ndani. Kijiwe kidogo ukikiacha kwa sababu ya haraka kitakupa kidonda, na ikiwa viatu vyako hulala nje, hutaki kukutana na nge kwa kidole cha mguu.

Kufunga kamba nako ni elimu. Piga kisigino chini taratibu ili kikae nyuma kabisa ya kiatu, kisha anza kukaza kamba kutoka chini kwenda juu. Mbele karibu na vidole iwe legevu kidogo, na karibu na kifundo iwe imara. Huenda umeona tundu la ziada kabisa juu, ambalo watu wengi hawalitumii. Kazi yake ni hii: pitisha kamba katika tundu hilo kwa upande ule ule ili ifanye kitanzi kidogo, fanya vivyo hivyo upande wa pili, halafu pitisha ncha ya kila kamba ndani ya kitanzi cha upande mwingine, vuta kwenda chini na ufunge. Kisigino hakitateleza tena, na unapoteremka vidole havitagonga mbele. Jambo hili dogo limewaponya wagonjwa wangu kadhaa waliokuwa wakipoteza kucha.

"BABU ZETU WALIKIMBIA BILA VIATU"

Swali hili huulizwa kila mara, nalo linastahili jibu la heshima. Ni kweli kwamba Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda mbio za marathon za Olimpiki mjini Roma mwaka wa 1960 akiwa miguu mitupu. Lakini mwaka wa 1964 alishinda tena mjini Tokyo, na safari hiyo alivaa viatu. Mwaka wa 2010 profesa Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha utafiti uliowahusisha wakimbiaji wa hapa Kenya. Walionyesha kwamba waliokua wakikimbia bila viatu aghalabu hutua kwa sehemu ya mbele au ya katikati ya wayo badala ya kisigino, na hivyo hawagongi ardhi kwa kishindo.

Zingatia neno "waliokua". Mguu uliokanyaga ardhi tangu utotoni una ngozi na misuli ambayo mguu wa karani wa mjini hauna. Aidha, vijia vya karibu na jiji vina vipande vya chupa na misumari, na mahali penye uchafu udongo huweza kuwa na mabuu ya safura ambayo hupenya ngozi ya wayo. Kwenye vumbi kuna funza pia. Ukitaka kuimarisha miguu, tembea miguu mitupu sebuleni. Msituni vaa viatu.

DALILI ZA KUANGALIA

Lengelenge: Likiwa dogo na halikusumbui, usilipasue. Lifunike. Ngozi ya juu ndiyo bendeji nzuri zaidi.

Ukucha mweusi: Ni damu iliyovia chini ya ukucha, na maana yake ni kwamba kiatu ni kifupi au kamba zimelegea. Usiutoboe kwa pini. Ukiuma sana au ukianza kutoa usaha, mwone daktari.

Kisigino kinachouma unapoamka: Ikiwa hatua za kwanza za asubuhi ni chungu, kisha maumivu yanapungua, huenda utando wa chini ya wayo umechoka. Punguza kilomita na utazame kama soli imekwisha.

Kuwasha na kubambuka katikati ya vidole: Hao ni kuvu. Dawa ya kupaka ipo, lakini usipokausha vidole na viatu watarudi.

Kutoboka wayo: Msumari ukipenya soli na kuingia mguuni, usiridhike kwa sababu tundu ni dogo. Safisha, kisha nenda hospitalini ukatazamwe na kuulizwa kuhusu chanjo ya pepopunda.

Kuteguka: Simama, usijikaze kumaliza mbio. Weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 15 hivi, funga bendeji na uinue mguu. Siku mbili za kwanza usiukande kwa maji ya moto wala kusuguliwa kwa nguvu, ingawa jirani atakusisitizia. Baada ya hapo anza kuusogeza polepole. Lakini ikiwa huwezi kupiga hatua nne, au ukibonyeza mfupa unaotokeza pembeni mwa kifundo unahisi maumivu makali, nenda ukapigwe picha ya eksirei.

Kwa wagonjwa wa kisukari nina neno la pekee. Kisukari huweza kuziua neva za miguu, na mgonjwa asihisi kijiwe wala lengelenge. Nimewaona watu ambao kidonda kilichoanza kama mchubuko wa kiatu kiliishia kwa kukatwa kidole. Usiache mazoezi, kwani ni sehemu ya tiba yako. Lakini mwombe daktari akupime hisia za miguu kabla ya kuanza kukimbia, na kila jioni itazame miguu yako juu, chini na katikati ya vidole. Kama macho hayaoni vizuri, tumia kioo au umwombe mtoto akutazamie.

KUTUNZA RABA

Ukirudi nyumbani, usivue raba kwa kukanyaga kisigino cha kimoja kwa mguu mwingine. Fungua kamba. Kisigino kilichovunjwa hakishiki tena.

Matope yakiwa mengi, yaache yakauke kidogo, kisha yapukute kwa brashi, hasa katikati ya meno. Toa soli za ndani na kamba, osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya kawaida na brashi laini. Mashine ya kufulia na maji ya moto hulegeza gundi.

Kukausha ndiko kunakowashinda wengi. Usivianike viatu kwenye jua kali kutwa nzima, wala usiviweke kando ya jiko. Joto hukausha gundi na kuigandisha sponji. Jaza ndani karatasi za gazeti, na hata hili litafaa ukishamaliza kulisoma. Badilisha karatasi baada ya saa moja au mbili zinapolowa, kisha weka viatu kivulini mahali penye upepo. Wakati wa masika kiatu huweza kuchukua siku mbili kukauka, kwa hiyo anayekimbia kila siku yafaa awe na jozi mbili za kupokezana. Usivifungie katika mfuko wa plastiki vikiwa na unyevu. Harufu utakayoikuta humo ni kazi ya bakteria.

LINI UZISTAAFISHE

Kwa kawaida raba ya kukimbia hudumu kati ya kilomita 500 na 800, kutegemea uzani wako, mwendo wako na njia. Ukikimbia kilomita 5 mara tatu kwa juma, hizo ni kilomita 15, na utafikisha 500 baada ya majuma 33 hivi, yaani takriban miezi minane. Andika tarehe ya kununua kwa kalamu chini ya soli ya ndani ili usikisie.

Lakini usisubiri hesabu ikiwa meno yameisha chini ya wayo, soli imelalia upande mmoja, au magoti na nyonga zimeanza kuuma bila wewe kuongeza mazoezi. Fundi wa viatu anaweza kushona kitambaa na kubandika mpira, lakini hawezi kuifufua sponji iliyokufa. Raba hizo zifanye za kwenda sokoni.

ZOEZI LA WIKI HII

Leo jioni fanya mambo mawili. Kwanza, chukua raba zako, zigeuze na uzikague kama nilivyoeleza kuhusu mitumba. Pili, unapopiga mswaki simama kwa mguu mmoja kwa nusu dakika, kisha mwingine, ukiwa karibu na ukuta usije ukaanguka. Zoezi hilo hufundisha kifundo kujirekebisha, na kwa waliowahi kuteguka hupunguza uwezekano wa kuteguka tena. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa juma, au ya nguvu dakika 75 hadi 150. Huwezi kuzifikia ukiwa umeuning'iniza mguu kitandani.

Ama yule mama, mwaka wa 2023 alirudi Karura. Tulikwenda hatua kwa hatua: kusimama kwa mguu mmoja, kutembea, kisha kukimbia. Alinunua raba za mtumba zenye meno mazuri, na kabla ya kuzivaa aliniletea nizikague. Nilizisokota, nikazibonyeza, nikamrudishia. Bado anakimbia, na mara ya mwisho nilipompima presha nilimpunguzia dawa.